Pete Iliyobaki Kidoleni

Jumatatu, 10 Machi

Nimepata kazi. Mkataba wangu wa masjala ya mahakama ulikwisha Januari, na tangu hapo Shangazi, ninayeishi kwake, amekuwa akiniuliza kila asubuhi kama nimeamka au nimeahirishwa. Leo nimemjibu kwamba nimeamka. Mimi ni karani wa mwendelezo katika filamu.

Kazi yenyewe, kama nilivyoelezwa: filamu hupigwa vipande vipande bila kufuata mpangilio wa hadithi. Mtu anaweza kupigwa picha akitembea barabarani leo, kisha wiki ijayo akapigwa akitoka nyumbani kwenda huko barabarani. Kwa hiyo lazima awepo wa kuandika kila kitu: kitambaa kilifungwa upande gani, kikombe kilikuwa mkono upi, maji yalifika wapi kwenye glasi. Mtu huyo ndiye mimi. Wamenichukua kwa ajili ya mwandiko.

Mwongozaji ni mzee wa miaka sabini na mmoja ambaye hata Shangazi anamjua. Hii ni filamu yake ya kumi na mbili, na amesema ndiyo ya kumalizia. Mtayarishaji ni binti yake. Watu wanamwita baba mtu Mzee. Binti wanamwita Mama Ratiba, lakini si mbele yake.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa. Nimechonga penseli sita.

Alhamisi, 13 Machi

Siku ya kwanza ndani ya nyumba. Ni nyumba kuukuu yenye vyumba vitatu vilivyofuatana kama mabehewa, jiko nyuma, mlango mmoja mbele, na kando ya mlango dirisha lenye ubao mpana wa kuwekea vitu. Mwenye nyumba ametuachia hadi tarehe 29 Aprili. Tarehe 30 inabomolewa ijengwe ghorofa. Hilo ndilo lililompendeza Mzee. Hadithi inahusu mjane anayehama nyumba aliyokaa miaka arobaini, naye alitaka kuta ambazo kweli siku zake zimehesabiwa.

Mzee ana sheria zake. Skrini ya kutazamia picha ameipiga marufuku. Hakuna anayeruhusiwa kutoa maoni baada ya kipande kupigwa. Anakaa kwenye kigoda pembeni mwa kamera, kichwa kimeinama kama mtu anayesikiliza redio ya jirani, anasema "Haya," wanaigiza, anasema "Basi." Kisha ananiinamia mimi na kuuliza kwa sauti ya chini:

"Umeona nini?"

Nikasema, "Vizuri, Mzee."

"Sikukuuliza umeonaje. Nimekuuliza umeona nini."

Nikamsomea daftari. Sufuria iko mkono wa kushoto. Mlango uko nusu wazi. Bibi (ndivyo tunavyomwita mwigizaji wetu mkuu, anayecheza mjane) amepepesa macho mara mbili kabla ya kujibu. Alinisikiliza hadi mwisho. "Turudie," akasema, wala sijui ni kwa lipi kati ya yote hayo.

Wakati wa chakula fundi taa aliniambia kwamba Mzee hana haja ya majibu yangu. "Anakupima tu. Yule anaona hadi mawazo yako. Wewe jikaze kisabuni."

Jumatatu, 17 Machi

Mpiga picha ni mgeni kama mimi. Yule aliyefanya kazi na Mzee miaka yote alifariki mwaka jana. Leo huyu wetu alisahau sheria akasema, "Hapo mwanga umekaa vizuri sana, Mzee."

"Nikihitaji shabiki nitaweka tangazo," Mzee akamjibu. "Wewe piga."

Tangu saa ile mpiga picha hafungui mdomo ila kwa chakula. Nilimwonea huruma, nikafurahi pia kwamba si mimi.

Jumatano, 19 Machi

Nimeulizwa lile swali mara kumi na nne. Kichwa kinagonga.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ilizidi, kazi ikasimama, tukakaa jikoni. Mzee akaanza kuhadithia. Kumbe aliingia kwenye filamu kwa brashi: akiwa na miaka kumi na sita alikuwa akichora mabango ya jumba la sinema. Tajiri wa jumba alikuwa bahili wa tiketi, hamruhusu kuingia, kwa hiyo alichora filamu asizoziona, kwa kusimuliwa na mlinzi wa mlango. "Mlinzi akisema mwanamke mrembo, namchora mrembo. Siku moja akasahau kuniambia kuwa mrembo mwenyewe ni farasi."

Baadaye akawa anabeba mikanda ya filamu kwa baiskeli kati ya majumba mawili yaliyoonyesha filamu moja kwa zamu. Akichelewa njiani, watu wa jumba la pili wanakaa gizani wakimtukania mama. Aliona mwanzo wa filamu huku na mwisho wake kule, na katikati akajiwazia mwenyewe juu ya baiskeli. Filamu yake ya kwanza aliipiga akiwa na miaka ishirini na tisa. Ya nne ndiyo iliyowajaza watu hadi wakakaa kwenye ngazi. Kisha mkewe akafa, na kwa miaka tisa hakupiga chochote.

"Tukipiga ile ya nne, huyu hapa alikuwa na miaka minne," akasema akimwonyesha Mama Ratiba. "Alikuwa analala ndani ya sanduku la mavazi. Nikiambiwa 'mtoto wako yuko wapi,' nauliza, 'Tuko onyesho la ngapi?'"

Tulicheka. Mama Ratiba alicheka pia, halafu akatazama saa.

Nilifika hapa nikimwona jitu. Leo nilimwona mtu. Lakini saa nane mvua ikapungua, akarudi kigodani, na hofu yangu ikarudi naye.

Alhamisi, 27 Machi

Tumepiga barabarani. Njia ilifungwa siku moja tu, watu mia mbili na miavuli yao, mvua ya kweli. Mjane anatembea katikati ya umati baada ya kuhama nyumba. Nimeandika: kikapu mkono wa kulia, kitambaa kimefungwa nyuma, kidole cha pete kitupu. Mpambaji amemchorea alama nyeupe pale pete ilipokaa miaka yote. Kamera ilikaribia sana kidole hicho. Siku hii haiwezi kurudiwa, Mama Ratiba ametuambia mara nne.

Jumatano, 2 Aprili

Nilisimama mbele ya Mzee kumpa karatasi ya siku. Sikusema kitu, nikimngoja amalize chai. Akauliza hewani, "Karani yupo?" Nikajibu nipo. Nilikuwa karibu kiasi cha kuigusa chai yake. Hivyo ndivyo wakubwa wanavyotuonyesha kwamba sisi si kitu.

Jumatano, 9 Aprili

Niandike polepole, kama ilivyokuwa.

Kipande cha leo ndicho moyo wa filamu. Mjane anapita vyumba vyote vitatu akigusa kuta, anafika dirishani, anavua pete ya ndoa, anaiweka juu ya ubao, anatoka, anafunga mlango kwa ufunguo. Hakuna neno hata moja. Kamera inamfuata dakika sita bila kukatwa. Pete ndiyo hadithi yenyewe. Asipoiacha, ile barabara tuliyoipiga, na kile kidole kitupu, havina maana.

Mara ya kwanza waya ulionekana. Mara ya pili Bibi alijikwaa kwenye zulia. Mara ya tatu mvua ikashuka ile hasa iliyotakiwa, nzito na iliyonyooka, na Mzee akasema "Haya" kama anayeamsha mtoto.

Nilikuwa nimechuchumaa chini ya dirisha, nimejibana ukutani, hatua moja kutoka mikono ya Bibi. Mzee alikuwa hatua mbili.

Bibi ana miaka sitini na minane. Alikuwa amesimama tangu asubuhi na vidole vimevimba. Alipofika dirishani aliishika pete, akaizungusha, akaivuta. Haikutoka. Akavuta tena. Kisha, uso ukiwa vilevile, akafunika mkono kwa mkono, akaugusa ubao kana kwamba ameweka kitu, akaenda zake. Akatoka. Akafunga mlango, na kupitia dirishani niliona mkono uliozungusha ufunguo una pete, inang'aa kwa maji ya mvua.

"Basi," Mzee akasema.

Bibi alikuwa ameketi nje kibarazani akilia kilio cha kweli, mpambaji amemkumbatia. Fundi taa, mtu wa mizaha yote ile, alikuwa akijifuta macho kwa glavu. Mzee akaniinamia.

"Umeona nini?"

Nilikuwa na maneno matatu kinywani. Pete imebaki kidoleni. Nikamtazama Bibi pale chini. Nikamtazama Mama Ratiba na saa yake. Nyuma yangu mtu alinong'ona kwamba hataona kitu kama kile tena maishani. Nikajiuliza mimi ni nani hata niharibu. Kisha nikawaza jambo ambalo ndilo lililonimaliza: ameona. Yuko hatua mbili, na anaona hadi mawazo. Akitaka kurudia atarudia mwenyewe.

"Vizuri, Mzee," nikasema. "Yote yamekaa."

Safari hii hakunisahihisha. Akatega sikio. "Sikuisikia pete kwenye ubao."

Sijui ni nani aliyejibu kwa mdomo wangu. "Ni mvua, Mzee. Ilikuwa kubwa."

"Ah. Mvua." Uso wake ukafunguka. Akataka kunipiga begani, mkono ukapita hewani, ukarudi, ukanipata shingoni. "Jamani, nyumba tumeimaliza!" akatangaza. Watu wakapiga makofi.

Nikabaki nimechuchumaa. Ubao wa dirisha ulikuwa mtupu mbele ya uso wake, taa zote zikiumulika. Naye hakuuliza pete iko wapi. Aliuliza mlio wake.

Nimejaza karatasi ya siku. Pete: dirishani. Nimetia sahihi.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimesoma upya shajara hii tangu mwanzo. Kichwa kilichoinama. Skrini aliyoifukuza. "Karani yupo?" Hakuwa ananidharau. Hakuwa ananipima pia. Mara zote zile alikuwa anauliza kwa sababu hajui.

Mzee haoni. Ameongoza filamu mwezi mzima kwa masikio yake na kwa midomo yangu, nami siku iliyohitajika nikampa heshima badala ya jibu.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama Ratiba aliniita kwenye chumba cha mavazi, akafunga mlango.

"Kaa, Karani. Siku hizi wewe unakaa na baba yangu kuliko mimi. Anaumwa?"

"Sijui, Dada."

"Jana alimsalimia mwavuli."

Nikatazama viatu vyangu.

"Wafadhili wanataka nimweke pembeni, nimlete yule kijana anayepiga matangazo ya sabuni. Wanasema mzee amechoka. Nimewaandikia kwa sahihi yangu kwamba baba yangu ni mzima, macho na masikio. Kama kuna kitu, nataka nikisikie kwako kabla sijakisikia kwao."

"Hakuna kitu, Dada."

Basi nimefungwa pande zote. Nikisema pete haikuvuliwa, swali linalofuata ni moja tu: na Mzee alikuwa wapi? Alikuwa hatua mbili. Kukiri kosa langu ni kumvua nguo yeye, na filamu apewe wa sabuni. Nisipokiri, tarehe 30 nyumba inakwenda, na filamu yake ya mwisho itakuwa na tundu katikati, nalo tundu nimelitoboa mimi. Mhariri yuko mji mwingine na hataifikia sehemu hiyo kabla ya Mei. Nina siku kumi na saba.

Jumanne, 15 Aprili

Tumepiga kituo cha basi. Nimejibu kila swali kwa ukamilifu hadi Mzee akasema, "Leo umekula nini, kamusi?"

Jumatano, 16 Aprili

Nilimzungusha Bibi kwa maneno huku nikimshikia mwavuli. "Siku ile ya dirisha, Bibi, pete haikukusumbua?"

"Iligoma katakata! Nikafanya ishara tu. Si Mzee alikuwepo pale? Ameona, amekubali. Mimi nimbishie yule?"

Nikamfuata mpiga picha. Alitazama kwanza kama kuna mtu karibu. "Niliona. Nikadhani amebadili hadithi, mama ameondoka na ndoa yake. Nzuri pia. Ningesema nini? Mimi si shabiki."

Kwa hiyo watatu tuliona. Kila mmoja alikuwa na mwenzake wa kumwachia. Lakini aliyeulizwa ni mmoja.

Jumapili, 20 Aprili

Mvua imekatika.

Jumatatu, 21 Aprili

Jua kali. Matope ya kibarazani yameanza kupasuka.

Shangazi amesema ninakula kama natoa ushahidi. Nikamweleza kisa chote, ila nikasema ni cha rafiki yangu.

"Huyo rafiki yako naye ana mwandiko mzuri?" akauliza.

Akaendelea kukunja nguo.

"Yule mzee ndiye aliyemuuliza, siyo?"

"Ndiye."

"Basi amjibu yeye. Si binti, si hao wafadhili, si shangazi wa mtu. Aende kwa aliyemuuliza amjibu lile swali, hata kama limechacha. Ya binti atajua baba mtu." Akanitupia shati. "Na uende umelivaa hili. Hilo ulilovaa linaogopa kuliko wewe."

Alhamisi, 24 Aprili

Ilinichukua siku tatu kupiga moyo konde. Leo saa nne asubuhi nilikwenda kwake. Alikuwa ameketi chumba cha mbele, redio imezimwa.

"Karani," akasema kabla sijabisha. "Unatembea kama unaiomba sakafu ruhusa."

Nilikuwa nimeandika hotuba. Sikuisoma. Nikasema nikiwa bado nimesimama mlangoni: "Mzee, tarehe tisa uliniuliza nimeona nini. Niliona pete haikutoka. Bibi aliufunika mkono. Amefunga mlango ikiwa kidoleni. Na haikuwa mvua."

Ukutani kulikuwa na picha zake za ujana, kamera kubwa begani, watu wamemzunguka wakicheka. Nilizihesabu. Zilikuwa tisa.

"Nilijua sikuisikia," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya hasira, nami ningependa ingekuwa. "Nikajiambia, kijana wa watu ataidanganyia nini pete? Niliajiri macho, nikaletewa adabu."

"Nisamehe, Mzee."

"Kaa. Tangu lini unajua kwamba sioni?"

"Siku hiyohiyo."

Akaniambia. Ni miaka mitatu na nusu. Pembeni anaona, katikati hakuna kitu. "Nikikutazama usoni, wewe ni masikio na mabega." Mpiga picha wake wa zamani alikuwa akijua, naye alimweleza kila kipande hadi matusi yake. Alipokufa, Mzee akawaza kwamba kinachotakiwa ni mtu mwangalifu mwenye mwandiko safi.

"Kwa nini usimwambie Dada?"

"Angenihurumia. Ukishahurumiwa kwenye kazi hii, unaletewa kiti kizuri kivulini, unaulizwa kama umekunywa maji. Nani mwingine anajua?"

"Shangazi yangu. Lakini nilimwambia ni kisa cha rafiki."

"Basi anajua." Nusura acheke. Kisha akasugua paji la uso. "Nikisema karani alikosea, binti yangu atauliza nilikuwa wapi."

"Ndiyo, Mzee."

"Na nisiposema, ile pete itakaa pale miaka yote, na kila atakayetazama ataiona isipokuwa mimi." Akanyanyua mkono kuelekea mlangoni. "Nenda nyumbani."

Sijui kama nimefukuzwa. Nimetembea kwa miguu hadi kwa Shangazi, nikapitiliza nyumba mbili bila kujua.

Ijumaa, 25 Aprili

Alituita wawili, Mama Ratiba na mimi, kwenye chumba cha kati cha nyumba ya mjane. Akamwambia binti yake kila kitu akiwa amesimama, kofia mkononi. Alianza na macho, akaja kwenye pete. Hakunitupia mimi lolote zaidi ya nililofanya.

Mama Ratiba alisikiliza bila kutikisika. Halafu akasema taratibu, "Baba, nimetia sahihi."

"Najua."

"Nimewaambia watu baba yangu anaona kuliko wote!"

"Najua, mama."

"Ungeniambia mimi! Mimi niliyelala kwenye masanduku yako! Ningekusomea kila kipande, ningekusomea hadi nzi aliyetua ukutani. Ukaona bora karani? Mtu aliyekuja kutafuta kazi juzi tu?"

"Wewe ungenihurumia."

"Na sasa unafikiri nafanya nini?"

"Sasa umekasirika. Afadhali."

Aliufuta uso kwa karatasi ya ratiba, wino ukambaki shavuni. Akanigeukia. "Na wewe ulitia sahihi ya uongo."

"Ndiyo, Dada."

"Filamu ikiisha tafuta kazi nyingine."

"Sawa, Dada."

Kisha akazungumza na ukuta, si na yeyote kati yetu. "Tarehe 29 ndiyo siku yetu ya mwisho hapa. Namrudisha Bibi. Unaipata siku hiyo, Baba, na wafadhili nitawaandikia ukweli leo hii. Ikishindikana, namleta wa sabuni, na mjane aondoke na pete yake."

Nilitoka nje nikanawa uso kando ya tangi la maji. Baada ya hapo nilijisikia mwepesi, jambo ambalo sikulitegemea.

Jumatatu, 28 Aprili

Hakuna hata wingu. Barabarani mjane analowa chapachapa, na hapa vumbi. Mama Ratiba amepiga simu kila mahali kutafuta gari la maji, hakuna. Mzee alikaa mlangoni mwa nyumba, jua likimpiga usoni, mpaka tukaanza kutazamana.

"Atoke pakavu," akasema. "Nani alisema mvua ilianza mlangoni? Itamkuta barabarani, kama inavyotukuta sote. Na pete itasikika."

Jumanne, 29 Aprili

Walikuja siku moja kabla. Saa mbili asubuhi mtambo wa kubomolea ulikuwa umeshafika getini, unanguruma hadi vioo vinacheza. Dereva alisema yeye ameambiwa alete, na akishaleta huwa hazimi. Mama Ratiba akatoka, akapanda ngazi ya mtambo, akaketi pale kwenye mlango wa dereva na ratiba mapajani. "Endesha uondoke na mimi," akamwambia, "au zima tukae." Dereva akazima.

Bibi alipakwa sabuni kidoleni. "Haya," Mzee akasema. Vyumba vitatu, kuta, dirisha. Pete ikatoka bila shida, ikagonga ubao, mlio mdogo mkavu ambao nyumba nzima iliusikia. Akatoka, akafunga.

"Basi."

"Tumepata!" Mama Ratiba akapiga kelele toka kwenye mtambo, na watu wakaanza kukumbatiana. Fundi taa alishaanza kuchomoa nyaya.

Mzee aliinua uso, akanitafuta. Safari hii hakunong'ona, na hakuinama. Aliniuliza kwa sauti watu wote wakisikia, na watu wote wakanigeukia.

Nikasema, nayo sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia: "Hatujapata, Mzee. Pete imewekwa. Lakini alipofunga mlango alitabasamu."

"La mjane au la mwigizaji?"

"La mwigizaji. Alifurahi pete imetoka."

Bibi akachungulia dirishani kutoka nje. "Mtoto ana macho mabaya huyu!" akasema. "Kweli nimetabasamu. Nilisema moyoni, ahsante sabuni." Akaanza kuinua mkono wake mzito. "Niosheni hii sabuni. Leteni pete."

"Bibi, itagoma," Mama Ratiba akamwambia.

"Ya miaka arobaini unafikiri inatoka kwa kuteleza?"

Wakarudia. Mwanga ulikuwa umegeuka, ukiingia kwa dirisha hadi kwenye ukuta wa pili. Bibi alifika, akaivuta, ikagoma. Hakuifunika. Alisimama pale akipambana nayo, akizungusha, akivuta, akiweka kidole mdomoni, karibu dakika nzima, mtu na kidole chake, mpaka nikasahau kuandika. Ikatoka na ngozi kidogo. Akaitazama. Akaiweka. Mlio ule. Akatoka bila kugeuka, na mkono uliozungusha ufunguo ulikuwa mtupu na mwekundu.

"Basi."

Nilimwambia nilichoona. Nilianza na ukuta wa chumba cha kwanza, nikamwambia alipougusa na vidole vingapi. Nikamwambia kuhusu mwanga. Nikamwambia kwamba kitambaa kilisogea bega la kushoto na barabarani kiko sawa, hivyo kuna kasoro. Nikamwambia kuhusu ngozi. Ilinichukua dakika nyingi kuliko kipande chenyewe, na hakuna aliyenikatiza, hata dereva wa mtambo.

"Kitambaa tutasamehewa," Mzee akasema. "Tumepata."

Jumatano, 30 Aprili

Wafadhili wamejibu: Mzee aondoke. Mama Ratiba amewajibu kwamba vimebaki vipande vya siku mbili, kwamba vitamaliziwa na aliyevianza, na kwamba kwenye kigoda cha pembeni yake atakaa yeye mwenyewe. Wakikataa, wakatae. Mimi sitakuwepo. Nimemkabidhi madaftari yote matano. Aliyafungua, akasema mwandiko wangu ni mzuri mno, akanipa mkono.

Hakuna aliyeagizwa kuja kutazama nyumba ikibomolewa, lakini tulikuja wote, tukasimama ng'ambo ya barabara. Mzee alikuwa na kofia yake, uso ameugeuza kidogo pembeni, kama afanyavyo ili aone zile kingo zake. Vumbi lilikuwa jingi, nadhani hata kingo hakuziona.

Mtambo ukagonga. Nikafungua mdomo, kwa mazoea, nikaufunga. Mama Ratiba alikuwa amesogea na kumshika mkono.

"Ukuta wa jikoni, Baba," akamwambia sikioni. "Umeanguka vizuri."

"Hakuna ukuta unaoanguka vizuri. Umeangukia wapi?"

Akatazama sawasawa.

"Ndani," akasema. "Umeangukia ndani, upande wa mlango. Vumbi ni jekundu. Bomba la maji limebaki limesimama peke yake, linavuja."

"Ehe. Na sasa?"